Kamera Aliyoitaka Mujibu

Swaumu alipotoka eda, watu wa mtaa wa Mkuti walimuuliza habari ya kamera kabla ya kumuuliza habari ya afya yake. Hawakuwa na ubaya. Marehemu mumewe, Mujibu, alikuwa mpiga picha pale Masasi, na katika miezi yake ya mwisho hakuwa na mazungumzo mengine. Alisikia redioni kwamba Wajapani wametangaza kamera mpya ya dijitali, ndogo, isiyotumia mkanda, na kwamba safari hii bei yake hata mtu wa kawaida anaweza kukaa akaifikiria. Akanunua gazeti lenye tangazo, akalikata, akalibandika ukutani studio, kati ya picha ya maharusi na ya mtoto aliyekalia mpira. Mtu akiingia kupiga picha ya pasipoti, alitoka na somo.

"Hii hapa ndiyo inayokuja," Mujibu angemwambia. "Ukipigwa unajiona papo hapo. Umefumba macho? Tunafuta, tunarudia. Hakuna tena kungoja basi la Mtwara."

Kisha akaugua tumbo, akalazwa, akafa, na kamera yenyewe ilikuwa haijafika hata Dar es Salaam.

Kazi ile waliifanya wawili. Mujibu alimfundisha mkewe kupiga picha mapema kabisa walipooana, kwa sababu harusi za Masasi zina pande mbili, na upande wa ndani, wa wanawake, mwanamume haingii. Mujibu alisimama nje na masheikh na wazee, Swaumu akawa ndani na bibi harusi. Jioni walikutana nyumbani na mikanda yao, wakaifunga pamoja ndani ya bahasha moja ipelekwe Mtwara kusafishwa. Mtoto wao mmoja, Safari, alishakua na kuajiriwa udereva wa malori huko Tunduma. Alikuja msibani, akakaa mpaka arobaini, akarudi kazini.

Wakati wa eda, Dorika ndiye aliyeangalia studio. Dorika, mama yake Alfredi, alikuwa fundi cherehani, mtu wa Newala aliyeolewa Masasi, na chumba chake cha kushonea mashela kilikuwa kimepakana na studio. Ndani ya kamera ya Mujibu kulikuwa na mkanda uliobaki kidogo kuisha. Swaumu, akiwa amekaa kwenye mkeka na nguo zake nyeupe, alimwelekeza jinsi ya kuutoa.

"Zungusha hicho kijiti taratibu. Zungusha tu. Ukisikia kimelegea, fungua."

"Nikiuunguza kwa mwanga je?"

"Umeungua."

Mkanda haukuungua. Ulikwenda Mtwara ukarudi picha: wanafunzi wa Chidya waliohitaji pasipoti, familia moja ya Lulindi iliyovaa nguo za Pasaka, mzee mmoja na baiskeli yake mpya. Dorika alizileta ndani kwanza. Swaumu aliziangalia moja moja, akasema ile ya Lulindi imepigwa jua likiwa nyuma, akamrudishia. Dorika alingoja pale mlangoni, akidhani sasa mwenzake atalia. Swaumu akamuuliza kama bado ana uzi mweupe.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakulia mazikoni, hakulia eda, na siku alipovuliwa nguo nyeupe na kuogeshwa hakuona tofauti. Aliamka, akafagia, akafungua studio. Wateja wakileta watoto, aliwachekesha kwa sauti ileile aliyochekeshea zamani, na wenye watoto hawakugundua kitu. Ila yeye mwenyewe alijiona kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi: anauona ni wake, anaugusa, hausikii.

Shamte, mdogo wake Mujibu, alikuja wiki ile ile aliyotoka eda. Alikuwa mkulima wa korosho na siku hizo, tangu biashara ilipoachiwa watu binafsi, alikuwa pia akinunua za wenzake na kuwauzia Wahindi wa Mtwara. Alikaa barazani, akanywa maji, akakohoa.

"Shemeji, sisi ndugu tumekaa. Tunaona kamera ile inunuliwe. Marehemu aliitaka. Isije ikasemwa amekufa na kazi yake imekufa. Msimu ukianza mimi nitaweka mkono wangu, na Safari ataweka wake."

"Sawa," Swaumu akasema.

"Sawa tununue, au sawa umesikia?"

"Nimesikia."

Shamte alimtazama, akaaga. Njiani alimpitia Dorika na kumwambia azungumze na mwenzake, maana mwaka huu korosho zimebeba, watu wataoa sana, na pale stendi wanasema atakayetangulia kuwa na kamera ile atawachukua wateja wote wa wilaya.

Dorika alizungumza naye kweli, wakiwa wanachambua mchicha uani.

"Kila mtu anasema lake kuhusu kamera hii," alisema. "Shamte lake, watu wa stendi lao. Hata marehemu alisema lake. Wewe Mama Safari unataka nini?"

Swaumu aliendelea kuchambua. Hakuwa anaficha. Alilitafuta jibu kwa bidii, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda kwa mkono.

"Sijui, Mama Alfredi. Sioni ninachotaka. Hata hii mboga sijui kama naitaka, nachambua tu."

Dorika akamsogezea fungu jingine.

Korosho zilipoanza kuanguka, simu ya Shamte ililia. Aliyepiga alikuwa Sultani wa Newala, rafiki wa Mujibu wa siku nyingi, mwenye duka la redio na betri, na sasa la simu za mkononi. Shamte alikwenda mbio mpaka studio na kumpa Swaumu simu ile azungumze.

"Shemeji, imefika!" Sultani alikuwa akipiga kelele kama vile simu haitoshi. "Ile ya kwenye gazeti, yenyewe, nimeishika hapa. Nimeagiza mbili, moja imeshachukuliwa. Sasa sikiliza. Jumamosi dada yangu Somoe anamwoza binti yake, Sikuzani. Ndani wanataka mpiga picha mwanamke. Njoo uipige kwa kamera hii. Ukiipenda, ichukue, tutaelewana. Usipoipenda, kuna mtu Mtwara anaililia."

"Nitakuja," Swaumu akasema. Shamte akafurahi, akadhani ameamua.

Ijumaa alipanda gari la Newala. Dorika alimwambia abebe na kamera yake ya mkanda, asiende mikono mitupu kwenye kazi ya watu. Swaumu hakukataa, ila asubuhi aliondoka bila kuibeba, na hata mwenyewe hakuwa na sababu ya kuiacha. Gari lilipomaliza mlima na kutokea juu kwenye uwanda, hewa ikawa ya baridi, abiria wakafunga vioo. Zamani, wakifika penye baridi ile, Mujibu alikuwa akimwambia, "Tumeingia Ulaya." Swaumu alilikumbuka neno hilo, likapita.

Sultani alimpokea dukani kwa chai na mihogo, akampa pa kulala kwa mkewe, na baada ya sala ya Alasiri akaitoa kamera ndani ya kasha lake. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyotarajia. Kwa nyuma ilikuwa na kioo kidogo, na ndani ya kioo lilionekana duka zima: mashelfu, redio, Sultani mwenyewe akitabasamu.

"Picha zinasafishwa wapi?" Swaumu aliuliza.

"Hazisafishwi, shemeji. Zinachapwa."

"Zinachapwa wapi?"

"Kwa sasa, Dar es Salaam. Daraja la Rufiji limeisha, ni karibu tu siku hizi."

"Kwa hiyo badala ya Mtwara ni Dar es Salaam."

Sultani alicheka sana. Swaumu hakuwa amefanya mzaha.

"Na betri?"

"Inakula, sikufichi. Beba nyingi. Lakini mkanda huununui tena maishani mwako. Picha mbaya unafuta. Bonyeza hapa, inakuuliza, unabonyeza tena hapa, imekwenda. Na jingine: kule mkanda wako anaufungua mwanamume, anawaona wake za watu hawana mitandio. Huku ni mashine."

"Mashine inaendeshwa na nani?"

"Na kijana mmoja hivi."

"Mwanamume?"

Sultani akajikuna kichwa. "Ni mwanamume, shemeji. Lakini haangalii, ana haraka."

Jumamosi chumba cha ndani kwa Somoe kilijaa wanawake mpaka dirishani. Kulikuwa na harufu ya udi na pilau, na akina mama wa ngoma walikuwa wamekwisha kupasha ngozi. Swaumu alipiga picha ya kwanza. Aliyekuwa nyuma yake akakiona kioo, akapiga kelele.

"Jamani, tumo humu humu!"

Basi kazi ikawa hiyo. Kila alipobonyeza, wimbo ulikatika katikati, wanawake wakamjia kwa mabega, wakavutana mitandio kutazama. "Mimi nimefumba." "Mbona mimi nimekuwa mweusi hivi, rudia." "Futa hiyo, kitambi chote nje." Swaumu alirudia, akafuta, akarudia. Hakukasirika. Wapiga ngoma walichoka kuanza upya, wakaweka ngoma chini na kuja kutazama nao.

Sikuzani alikuwa ameketi juu ya mkeka mpya, ameinamisha macho, kimya, kama bibi harusi anavyotakiwa. Kando yake alikaa shangazi yake wa Mtwara, mwanamke mnene mwenye bangili za dhahabu, ambaye ndiye aliyemlea. Habari hiyo Swaumu alielezwa jana yake na mke wa Sultani: mwaka ambao bei ya korosho ilianguka na shamba likawa pori, Somoe alimtoa mwanawe akiwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, akampa wifi yake amlee mjini. Alirudi msichana mkubwa, mwenye adabu, anayemwambia mama yake shikamoo kama anavyomwambia jirani.

Ilifika zamu ya mama kumfunika mwanawe khanga. Somoe alipita katikati ya wanawake akiwa ameishika kwa mikono miwili. Akamfunika mabegani. Halafu, badala ya kurudi nyuma, akapiga magoti, akamshika binti yake uso, kiganja huku na kiganja huku, na kumtazama tu. Sikuzani aliinua macho. Midomo ilimcheza. Akalia, kilio cha kitoto kabisa, mdomo wazi, na kichwa akakilaza kwenye shingo ya mama yake.

Kidole cha Swaumu kilibonyeza chenyewe. Kilikuwa kimezoea.

Shangazi akanyoosha mkono, akaigeuza kamera atazame. Akasonya.

"Hiyo futa. Bibi harusi gani huyu, makamasi namna hii? Watu wa mume watasema tunamwoza kwa nguvu."

Swaumu akabonyeza. Kamera ikamuuliza kwa Kiingereza swali ambalo Sultani alikwisha kumfundisha jibu lake. Akabonyeza tena. Kiooni ikatokea picha iliyotangulia, ya masinia ya pilau. Shangazi alimfuta Sikuzani uso, akampaka poda, akamweka sawa, na Swaumu akampiga picha nyingi nzuri, ambazo wote waliokuwamo chumbani walizikubali.

Asubuhi yake, ukungu ukiwa haujaondoka, Swaumu alikuwa uani kwa Sultani akinawa uso kwa maji ya ndoo, wakati Somoe alipoingia. Bibi harusi alikwisha kuondoka na mumewe na shangazi kwa gari la alfajiri.

"Shikamoo, dada," Somoe akasema, ingawa walikuwa karibu umri mmoja.

"Marahaba. Hongera, na poleni kwa shughuli."

"Tumeshapoa." Somoe alikaa kwenye kinu kilicholazwa. "Nimekuja kwa jambo dogo. Zile picha zikichapwa, nyingine mpeni wifi yangu, ni mpenda picha. Mimi nataka moja tu. Ile aliyolia."

Swaumu aliacha kunawa.

"Nilikuona ulipiga. Nilisikia inalia tki," Somoe akaendelea. "Unajua yule mtoto hajanililia tangu nilipompa wifi. Siku ile alilia mpaka gari likapotea. Alipokuwa akija likizo, hakulia akifika, hakulia akiondoka. Nikasema basi, huyu si wangu tena. Sasa jana... Nataka niibandike pale kwangu niitazame."

"Haipo," Swaumu akasema.

"Haijachapwa?"

"Niliifuta. Shangazi yake alisema nifute, nikafuta."

Somoe alimtazama kama mtu anayengoja neno jingine lije. Akashusha macho, akaanza kukunja upindo wa khanga yake, akaukunja, akaukunjua.

"Basi," akasema. "Basi, dada, si kitu. Mambo ya Mungu."

Lakini hakuondoka. Na Swaumu, ambaye kwa miezi yote ile maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, alikuja akachuchumaa mbele yake na mikono yenye maji.

"Nisikilize nikwambie ilivyokuwa. Wewe ulikuwa upande huu, unaonekana mgongo na nusu ya shavu. Mkono wako wa kulia ulikuwa kwenye shavu lake, kidole gumba kimekaa hapa, chini ya jicho, na chozi lilikuwa limekifikia. Wanja ulikuwa umemwagika mpaka hapa. Mdomo wake ulikuwa wazi, meno ya chini yanaonekana, lile moja limepanda juu ya jingine."

"Kama langu," Somoe akasema.

"Kama lako. Na kwa mkono wake alikuwa ameishika khanga yako nyuma, begani, ameikamata kwa ngumi. Hilo wewe hukuliona. Vidole vyote vina hina, ameikunja nguo yako kama mtoto anayeogopa kuanguka. Nyuma kulikuwa na watu wamesimama lakini hawaonekani vizuri, mnaonekana nyinyi wawili."

Somoe alipeleka mkono wake begani, akapagusa pale.

"Alinishika hapa?"

"Hapo hapo."

Walikaa vile mpaka mke wa Sultani alipoita chai. Swaumu alipoinuka, alikuwa amejawa na kitu ambacho mwanzoni hakukitambua. Alikuwa na hasira. Hakujua ni ya shangazi, ya kamera, ya kidole chake au ya Mujibu aliyekwenda zake. Ilikaa kidogo wakati anakunywa chai, halafu ikazama, na ganzi ikarudi. Lakini aliiona ilipopita.

Sultani alimkuta dukani ameirudisha kamera ndani ya kasha lake, na mkanda wa kuvalia shingoni ameukunja vizuri.

"Siichukui, shemeji."

"Kwa nini? Ina kasoro?"

"Haina. Inafanya yote uliyosema."

"Basi tatizo ni malipo? Tutaelewana, nimekwambia. Mujibu angeinunua leo leo, wewe mwenyewe unajua."

"Angeinunua," Swaumu akakubali. "Na angefurahi nayo, na watu wangemzunguka kule nje wakitaka kujiona, naye alikuwa mpenda watu. Lakini Mujibu hayupo. Atakayeishika ni mimi, na mimi sasa hivi nikiambiwa futa, nafuta. Ile ya mkanda haina namna ya kunitii."

Sultani hakuelewa sawasawa, ila aliona haifai kubishana na mjane wa rafiki yake. Kamera ilikwenda kwa yule mtu wa Mtwara.

Shamte alinuna msimu mzima. Hakuwa amekosea kuhusu biashara. Mwaka uliofuata mwanamume mmoja aitwaye Majaliwa alifungua studio karibu na stendi, na kamera ya dijitali, kompyuta, mashine ya kuchapa na jenereta lake mwenyewe kwa siku za mgao wa umeme. Pasipoti ulipata ukiwa umesimama. Wateja wa Swaumu wakapungua wakabaki wa harusi za ndani, na wazee wasiopenda kelele za jenereta. Akawa anashinda siku nyingine kwenye chumba cha Dorika, akimsaidia kushona vifungo. Halafu mikanda ikaanza kuadimika, na waliokuwa wakisafisha picha Mtwara wakafunga kazi hiyo. Hapo hapakuwa na la kuamua tena. Majaliwa alipotaka kununua kamera kubwa zaidi, Swaumu alinunua ile yake ya zamani, na Majaliwa, ambaye hakuwa mtu mbaya, akakubali kumchapia.

Kabla hajaitumia, aliipeleka kwa Dorika.

"Nishonee kifuniko cha kioo hiki cha nyuma. Kitambaa kizito, kiwe na vifungo viwili, kisifunguke hovyo."

"Sasa utaonaje unachopiga?"

"Kuna kitundu hapa juu cha kuchungulia. Kinatosha."

Dorika alikishona kwa kitambaa cheusi kilichobaki kwenye suti ya mtu. Tangu hapo, harusini, mwanamke akimjia kutaka kutazama, Swaumu alimwambia picha ataziona zikichapwa. Wengine waliudhika na kwenda kwa mwingine. Wengine walimtafuta kwa sababu hiyo hiyo, na ngoma zao hazikukatika. Zilipochapwa, alitoa zote: waliofumba macho, waliotafuna, waliolia.

Ilikuwa kwenye harusi ya Kikristo huko Lulindi, ambako Dorika alikuwepo kurekebisha shela, mama mdogo wa bibi harusi alipomvizia Swaumu ameiweka kamera mezani, akafungua kifungo kimoja. Swaumu alimchapa mkono, pa, mbele ya watu. Pakawa na zogo. Katekista akaja, shemasi akaja, ikabidi Swaumu aombe radhi, akaomba kwa midomo tu. Jioni wakirudi nyuma ya pikapu, alikuwa bado anawaka. Alimsema mama mdogo yule, na kucha zake, na malezi yake, na katekista aliyemwambia atulie, na watu wa siku hizi wasioweza kungoja kitu. Dorika alikuwa amechoka na alitaka kulala, lakini alimwacha aseme, maana tangu afe Mujibu hakuwa amemsikia akiwakia kitu chochote, na alipoelekea kunyamaza karibu na Masasi, akamuuliza, "Hebu nieleze vizuri, alianza kufungua kifungo kipi?" Swaumu akaanza upya.